Nilivyozunguka Kuifikia Sheria

Sheria niliipata kwa kuzunguka, na nikiulizwa nalisimulia jambo hilo kifua mbele. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, alama zangu zilikuwa zimepungua kidogo tu, zikashindwa kuniingiza kitivo cha sheria moja kwa moja. Wakati huo sheria ilifundishwa Nairobi peke yake. Nikabaki na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo kikuu kipya kule Kesses, nisomee ualimu, Jumamosi nirudi nyumbani kula ugali wa mama, na nikimaliza kazi ya serikali iwe inaningoja. Ya pili ilikuwa kwenda Nairobi kusoma shahada ya sanaa, nipasi vizuri mwaka wa kwanza, kisha niombe kuhamia sheria. Waliokubaliwa kuhama walikuwa wachache. Asiyekubaliwa alibaki na sanaa yake, na kwetu upande wa Ainabkoi hakuna aliyejua mtu wa sanaa huajiriwa na nani.

Baba alikuwa mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe wachache wa maziwa, na maneno yake yalikuwa machache kuliko ng'ombe. Aliniita sebuleni, chai ikamiminwa.

"Ualimu ni kitu unaona na macho," alisema. "Hiyo ingine ni kubahatisha. Na hawa watu wa sheria, si ndio wanashikwa-shikwa huko Nairobi?"

Miaka ile ya chama kimoja hofu yake haikuwa ya bure. Nilimjibu kwamba nitafikiria. Ukweli ni kwamba nina kichwa kigumu tangu utoto, na nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilichokosa ni namna ya kumwambia.

Mama akanitangulia. Jumapili, wakati wa kutoa ushuhuda, alisimama na kitambaa chake cheupe kichwani akamshukuru Mungu kwa sababu binti yake anaenda Nairobi kusoma sheria. Hakusema naenda kujaribu. Hakutaja sanaa hata kidogo. Kwetu, jambo likishashukuriwa mbele ya kanisa limekwisha. Kulirudisha ni sawa na kumwambia Mungu asubiri kwanza. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea mkono kichwani na kumwombea "wakili wetu". Makofi yakapigwa. Baba, kwenye benchi za wanaume, aliangalia viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

"Mama, umeshukuru kitu hatujapata," baba alimwambia njiani.

"Mzee, si ndiyo imani hiyo?"

Baba hakuutaja ualimu tena. Nikaenda Nairobi.

Nilisoma kwa bidii ya mtu ambaye kijiji kizima kimeshampigia makofi kabla hajafanya lolote. Kisha katikati ya mwaka chuo kikafungwa kwa sababu ya fujo za wanafunzi. Tulirudishwa makwetu, na kila mmoja akaamriwa kuripoti kwa chifu wake kila wiki. Wenzangu waliona aibu, kama watu walioachiliwa kutoka jela. Mimi chifu aliponiona alinivutia kiti.

"Wakili, usiweke sahihi ukimbie," alisema. "Kaa hapo usikie kesi za watu."

Nilimweleza kwamba mimi bado si wakili. Alinijibu kwamba mama yangu si mwongo. Basi nikawa naketi pale ofisini kwake, nikisikiliza ng'ombe walioingia shamba la watu, mahari iliyobishaniwa, na mipaka. Siku moja alikuja mjane. Jirani yake alikuwa akisogeza seng'enge kila msimu wa kulima, na shamba lake lilizidi kuwa jembamba. Chifu akamwuliza kwa nini hakuwahi kulalamika. Akasema alikuwa akingoja shemeji zake wamsemee, kwa kuwa alidhani mwanamke hawezi kusimama na kesi ya shamba. Alikuwa amengoja hivyo tangu mumewe azikwe. Nilikasirika sana.

Chuo kikafunguliwa, nikafanya mitihani, nikapasi vizuri. Mkuu wa kitivo cha sheria akatuita sisi tulioomba kuhamia, mmoja mmoja. Walionitangulia walikuwa wamekariri maneno mazito ya haki na katiba. Mimi aliponiuliza kwa nini nataka sheria, nilimsimulia yule mjane. Nikamwambia nataka wanawake wa kwetu wajue kwamba wanaweza kujisemea. Alivua miwani, akasema nijiandae kuanza na darasa lake muhula ujao.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba zizini anakamua.

"Baba, wamenikubali. Naanza sheria."

Hakugeuka. Alikamua mpaka chuchu zikakauka, akasimama na ndoo.

"Wamekubali kabisa? Si ya kujaribu?"

"Kabisa."

"Basi kesho nitapita kwa mwalimu mkuu."

"Kufanya nini?"

"Nilimwomba akuwekee nafasi ya kufundisha hapo shuleni, tangu ile Jumapili mama yako alisimama kanisani. Nimekuwa nikienda kumkumbusha. Sasa nitamwambia apatie mtu mwingine."

Nilidhani alikuwa amenikasirikia tu, kumbe alikuwa akinitafutia mahali pa kuangukia, na hakunidokezea kwa kuogopa nisije nikalegea.

Tangu hapo nimetetea watu wengi mahakamani, na nimeshinda kesi ambazo wengine waliziogopa. Najivunia zote. Lakini ninachojivunia zaidi ni kuwa binti wa mtu aliyenihofia mwaka mzima bila kunirudisha nyuma.