Jamaika, Barbados na Mwiko wa Mama

Mwaka 2018 nyumba yetu ya mtaa wa Observatory, Johannesburg, iligawanyika vyama viwili: chama cha Jamaika na chama cha Barbados. Chama cha Jamaika kilikuwa na mwanachama mmoja, mimi, na nilikuwa na kelele za kutosha watu kumi. Chama cha Barbados kiliongozwa na mdogo wangu wa kike kutoka Toronto, kwa sauti za WhatsApp zilizoingia alfajiri, ndefu kama hotuba za bajeti. Mama ndiye tuliyekuwa tunamgombea, na Mama alikuwa hajasema neno.

Sisi ni watu wa Kigoma. Mimi nilifuata kazi ya kushona Johannesburg nikabaki. Mdogo wangu alikwenda Kanada kusomea uuguzi, naye akabaki. Baba alipofariki, mdogo wangu hakuweza kuja kuzika, kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado, na akitoka asingeruhusiwa kurudi. Baada ya msiba nikamchukua Mama nikamleta kwangu. Kanada walimnyima viza mara mbili. Na karatasi zake zilipotoka, kila nilipomwambia mdogo wangu aje Johannesburg, alinitumia video ya maduka ya wageni yakivunjwa na kuniuliza kama nina akili timamu. Video zenyewe zilikuwa za kweli, na nyingine zilipigwa mitaa michache tu kutoka kazini kwangu. Kigoma nako nyumba ya Baba ilikuwa imeuzwa, na Mama hakutaka kurudi. Basi ikawa miaka kumi na moja Mama hajamwona kitinda mimba wake isipokuwa kwenye kioo cha simu.

Halafu Jumamosi moja mdogo wangu akapiga simu anahema.

"Dada, kaa chini. Umekaa? Mtanzania anaingia Jamaika bila viza. Barbados pia bila viza! Tukutane huko. Likizo, dada! Sisi watatu, baharini, kama watu!"

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimkumbatia Mama na sufuria yake mkononi. Mimi, ambaye likizo yangu ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nikaanza kutamka neno Karibiani mara kumi kwa siku, hata pale ambapo halikuhitajika.

Niliitaka Jamaika kwa sababu zangu. Ni kubwa. Ina milima iliyofunikwa ukungu na kahawa, ina mito, ina maporomoko ya maji ambayo watu huyapanda wakiwa wameshikana mikono mstari mrefu, wanacheka, wameloa chapachapa. Niliona picha hiyo nikajiona mimi mbele, Mama katikati, mdogo wangu nyuma. Na muziki! Nilitaka kwenda mahali ambapo ukitoka nje asubuhi, ardhi yenyewe inakutikisa mabega.

Mdogo wangu alijibu hoja kwa hoja. Barbados ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa gari siku moja na chai ya jioni unainywa ulikoanzia. Upande wa magharibi bahari imetulia kama maji ya beseni, na ukitaka mawimbi ya kutisha unakwenda mashariki kuyatazama kisha unarudi zako. Vimbunga vingi hukipita kwa mbali. Jamaika, alisema, unaweza kutoka uwanja wa ndege ukakaa barabarani saa mbili kwenye kona za milimani, na Mama ana magoti.

"Magoti yapi? Anapanda kilima cha Observatory kila siku kwenda sokoni Yeoville!"

"Anapanda kwa sababu humpeleki kwa gari, dada."

Niliudhika. Nikamwambia sivuki dunia nzima kwenda kuona kisiwa ambacho mlima wake mkubwa kabisa haufikii kilima ninachokipanda na mifuko ya nyanya. Nilisema hivyo bila kupima chochote.

Kesi ikahamia kazini. Nilikuwa na cherehani yangu katika jengo kuukuu katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Ghorofa ya chini ni maduka ya jumla, ya juu ni kanisa, na sisi mafundi tumebanana katikati. Kwenye meza ya pembeni yangu alikuwa msusi, mama wa Bukavu, Kongo, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Weye, usisikilize mudogo yako," aliniambia huku akivuta kichwa cha mteja. "Jamaïque njo kisiwa! Kuko milima sawa vile kwetu Bukavu, kuko muziki. Ile ingine, pardon, iko ya wazee."

"Si Mama ni mzee?"

"Mama yako? Ule mama wa kucheza kanisani mpaka viatu vinatoka? Eish, acha!"

Wateja nao wakapigishwa kura. Hata kijana aliyekuja kupunguza suruali hakuipata mpaka alipochagua kisiwa. Jamaika ilishinda kwa mbali, na mimi, ili kufunga mjadala, nikashuka chini kununua kitenge cha kijani na manjano, rangi za bendera ya Jamaika, nikakata magauni matatu ya sare. La mdogo wangu nililikata kwa vipimo vya kumbukumbu. Msusi alipoona kitambaa alipiga vigelegele, na waliokuwa wanasali juu wakaitikia kwa vigelegele vyao.

Lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu. Kabla ya kula, Mama hunawishwa. Sinki liko hatua chache tu na maji ya moto yanatoka, lakini Mama hukaa, hunyoosha mikono, na mtu humimina maji kwa jagi juu ya beseni. Kigoma ilikuwa kazi ya mdogo wangu, kwa sababu wa mwisho ndiye hunawisha wakubwa. Johannesburg nikairithi mimi, na umri wangu wote huu. Na kila nilipomaliza kumimina, Mama alitikisa mikono na kusema, "Angekuwepo mwenye kazi yake."

"Mimi ni kaimu, Mama," nilimjibu. "Kaimu hasifiwi."

Tulicheka wote wawili. Ila mimi nilikuwa nasikia uchungu kidogo, na nilijua yeye anasikia mwingi.

Basi tukaja kwenye siku iliyotaka kuharibu kila kitu. Mdogo wangu alituma sauti, furaha inamwagika. Amepata hoteli Barbados, ufukweni, na kila kitu kimo ndani ya bei. Chakula kimo, vinywaji vimo, unakula mpaka uchoke mwenyewe. "Mama hatagusa hata kijiko!" alisema. "Asubuhi anapikiwa, mchana anapikiwa, jioni anapikiwa. Dada, mwekee asikie!"

Nikamwekea. Hata mimi wa Jamaika nilianza kulegea, kwa sababu nilishajiona na sahani ya tatu. Mama alikuwa anachambua kisamvu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka bakuli chini, akasema, "Basi nendeni."

"Twende wapi, Mama? Sote tunakwenda."

"Nendeni ninyi. Mimi mwanangu sijamwona miaka kumi na moja. Leo nimwone nimeshika sahani, tumepanga foleni mimi na yeye, tunapakuliwa na watu tusiowajua? Amekula vya watu miaka yote hiyo. Nifunge safari kwenda kumtazama akila vya watu tena?"

Nilimwambia kule ndivyo wanavyoheshimu wageni. Akaniuliza tangu lini mama akawa mgeni wa mtoto wake. Nikapandisha sauti, naye akaishusha yake, na Mama akishusha sauti ujue umeshapoteza. Usiku ule alinawa mwenyewe kwenye sinki. Nilikaa na jagi mkononi nikitazama mgongo wake, nikaogopa kweli kwamba hawa wawili hawataonana tena, si Jamaika, si Barbados, si popote.

Mdogo wangu nilipomwambia alilia kwa hasira. "Nilitaka apumzike, dada. Mimi namkumbuka na moshi machoni, anakaanga samaki za watu ili nipate ada. Nilitaka nimwone hata mara moja amekaa tu." Kisha akakata, na siku kadhaa sauti zake za alfajiri hazikuja. Sikujua kama ningezitamani kiasi kile.

Nikaona nafasi ya chama changu. Nilisema, kama hoteli ya Barbados imekufa, niizike na Barbados yenyewe, halafu nimtafutie Mama nyumba ya kupanga Jamaika, yenye jiko. Mchana mmoja kazini, nikisubiri umeme urudi, nikaanza kutafuta kwenye simu chakula cha Barbados, nikitumaini kukuta mikate na soseji za watalii. Nikakuta video ya mama mmoja mnene, kilemba kichwani, amesimama mbele ya sufuria. Anamimina unga wa mahindi. Ameshika mti bapa wa mbao kwa mikono miwili. Anageuza, anakandamiza kwenye ukingo wa sufuria, anageuza tena, jasho linamtoka, na anacheka na mtu anayempiga picha.

Niliwasha video hiyo tena na tena. Msusi akasogea, kitana mdomoni. Akakitoa.

"Lakini huyu anapika bugali," akasema.

Nilijua nikimwonyesha Mama, Jamaika imekwisha. Nilipanda taksi nyumbani nikiwa nimeibana simu kifuani, na kila robot, yaani taa ya barabarani, iliyotusimamisha njiani niliitukana kimoyomoyo.

Mama alishika simu akaisogeza mpaka puani. Kisha:

"Anasonga huyu."

"Ndiyo, Mama."

"Yuko wapi?"

"Barbados. Ndicho chakula chao cha sifa. Wanakula na samaki. Wana samaki anayeruka juu ya maji, ana mabawa."

"Mwiko wake bapa mno. Lakini mkono anao, mkono anao..." Ghafla akaruka kwenye kiti. "Anatia nini? Bamia? Anatia bamia ndani ya ugali? Nani kamfundisha? Bamia zinakaa pembeni!" Alisimama, sura imewaka, nikamwona Mama wa miaka yangu ya shule, yule wa kugombana na soko zima. "Huyu anataka kuelekezwa. Na huko kuna nyumba za kupanga zenye jiko, au wote wanalala hotelini?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nikamrekodia mdogo wangu papo hapo: "Umeshinda. Barbados. Lakini futa hoteli, tafuta jiko." Jibu halikungoja alfajiri. Lilikuwa kelele tupu, halafu kilio, halafu sharti moja: chai ya asubuhi atapika yeye, na Mama akae kitini amtazame. Mama alifikiri, akakubali chai, ila akasema maandazi hajaahidi.

Tulisafiri Novemba, kupitia Brazili na Panama, kadi za njano za chanjo mkononi. Begi la Mama lilikuwa na magauni mawili, kanga nne, na mwiko uliofungwa ndani ya kanga. Dagaa niliwatoa kwa nguvu. Yule msusi alikuja mpaka uwanjani kutuaga, akaniambia bado mimi ni mtu wa Jamaïque rohoni.

Na bahari ya magharibi, nakubali kwa maandishi, imetulia kama maji ya beseni. Mama aliingia mpaka magotini, na magoti yakafurahi. Tulizunguka kisiwa siku moja tukiwa na sare zetu za kijani na manjano. La mdogo wangu halikufunga zipu, tukalishika kwa pini. Kila tuliposhuka garini watu walituuliza kama tumetoka Jamaika. Mdogo wangu alicheka mpaka pini ikafyatuka.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ya kwanza, katika ile nyumba ya kupanga. Mama alisonga unga wa dukani kwa mwiko wake, samaki wa mabawa wamekaangwa, bamia pembeni. Mezani nikachukua jagi na beseni kwa mazoea. Mdogo wangu akainuka haraka, amenyoosha mkono.

"Lete, dada. Hiyo ni kazi yangu."

Mama alituwahi wote wawili, akashika jagi yeye.

"Kaa," akamwambia. "Nyoosha mikono."

"Mama, mimi ndiye wa kukunawisha wewe."

"Nyoosha."

Mdogo wangu, muuguzi, mtu mzima mwenye mvi mbili nilizoziona mchana ule, akakaa akanyoosha mikono. Mama akamimina polepole, akiigeuza kwa vidole vyake, viganja na migongo ya mikono. Hakuacha mpaka jagi lilipokwisha na maji yakafurika beseni, yakatiririka mezani na kutulowesha miguu sote. Hakuna aliyesogea.

"Sasa kula," Mama akasema. "Ugali unapoa."