Wimbo Mmoja Kabla ya Kuzima Injini

Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alipopata mchumba, nilimwomba bosi wangu gari la kumbeba siku ya harusi. Bosi ana gereji Kakiika, Mbarara, na nyuma yake huweka magari yake mawili ya mbio, yenye turbo. Alikubali, kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe chagua moja. Lakini Jumatatu mimi nasikiliza injini. Kama nasikia sauti ingine, hapana rudi kazi hapa, ssebo."

Aliniita ssebo, yaani bwana, lakini hakuwa anatania. Kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Wazazi walipofariki, mimi mkubwa niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikatoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda Mbarara kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Tangu hapo wadogo zangu walikula, wakavaa na wakasoma.

Gari jekundu lilikuwa limetembea kilomita chache sana. La buluu lilikuwa limepita laki mbili. Bwana harusi alipokuja kuyaona, alikwenda moja kwa moja kwenye jekundu.

"Shemeji, hii ndiyo mupya! Ile ingine imeisha kuzeeka."

"Hii imelala," nikamwambia. "Tutaenda na ile inayotembea."

Nimefungua injini za kutosha kujua kwamba kilomita peke yake haziui injini ya namna hii. Lile jekundu limekaa kivulini miaka, oili imezeeka ndani, mipira imekauka. Kilomita zake chache ni za siku ambazo mtu aliliwasha, akakanyaga mafuta injini ikiwa baridi ili marafiki wasikie, akazima. La buluu huenda Kampala na kurudi karibu kila wiki, na oili yake naibadilisha mwenyewe kabla haijawa nyeusi. Injini yenye nguvu nyingi haipendi kusukumwa kabla haijapata moto, wala kuzimwa ghafla baada ya kusukumwa. Turbo, feni inayosukumia injini hewa, huzunguka kwa kasi ya ajabu, na oili ndiyo inayoipoza. Ukizima papo hapo, oili inasimama na kuungulia ndani kama mboga iliyosahauliwa jikoni.

Sasa kwetu Rubondo, humo humo Nakivale, harusi inataka hayo yote yafanywe kinyume. Gari linapotoka kanisani, vijana wanadai livumishwe palepale, yaani mafuta yakanyagwe hadi injini ingurume. Likifika nyumbani kwa bwana harusi linavumishwa tena, kisha linazimwa mara moja, kwa sababu bibi harusi hakanyagi chini hadi injini inyamaze. Mama zetu husema gari ambalo bado linanguruma halijafika.

"Vumisha, yaya, vumisha!" vijana walipiga kelele mlangoni mwa kanisa. Yaya ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Bado ni baridi."

"Hii ni gari ya mbio ao ya kubeba maharagi?"

Nikacheka nao, nikaondoka polepole nyuma ya kwaya. Tulipopita kisima cha pampu, sindano ya joto ilikuwa imetulia katikati. Basi tulipofika nyumbani kwa bwana harusi niliwapa walichotaka. Nilikanyaga mafuta mara kadhaa, kwa moyo wote. Kuku wakatawanyika, watoto wakaziba masikio huku wakiruka. Injini ile iliimba.

Kisha nikaiacha iungurume taratibu. Sikugusa ufunguo.

Vigelegele vilianza, vikaisha. Bwana harusi alisimama mbele ya boneti na suti yake, akaangalia viatu. Shangazi yetu, dada wa baba, akaja kugonga kioo.

"Zima! Bantu banangoja!"

"Bado, shangazi. Turbo iko moto."

"Turbo ni nani? Nani alimualika?" Watu wakacheka. Akawageukia, akapaza sauti. "Munamuona? Anakatala kumuachilia mutoto!"

Hapo wakacheka zaidi. Nikashusha kioo, nikawaita wanakwaya. "Munipe wimbo moja. Mukimaliza, nitazima."

Sijawahi kuona kwaya inayokataa kuombwa. Wakaanza, na mama zetu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kucheza.

Ndani ya gari, mdogo wangu aliinama kutoka kiti cha nyuma.

"Yaya, ni turbo kweli, ao ni mimi?"

"Ni turbo."

"Kweli?"

"Turbo itakuwa imepoa katikati ya wimbo," nikasema.

Akaniwekea mkono begani, akauacha pale hadi ubeti wa mwisho. Kisha nikazima, naye akashuka.

Jumatatu bosi aliwasha lile la buluu, akalisubiri lipate moto, akainamisha kichwa kwenye boneti na kusikiliza kwa muda mrefu. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa.

"Ulienda harusi ama ulilala na gari nyumbani?"

"Nilienda harusi."

"Iko sawa." Akanirushia ufunguo wa jekundu. "Sasa amusha hii."

Siku hizi Rubondo kila gari la bibi harusi husubiri wimbo mmoja kabla ya kuzimwa, hata vigari vya kawaida ambavyo havijawahi kuwa na turbo. Majuzi nilimsikia shangazi akimweleza mgeni kwamba hiyo ni desturi tuliyokuja nayo kutoka Kivu.