Mtungi Mdogo wa Ubavuni

Sindano ilikuwa imesimama katikati ya saa ya hewa, ile inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, na mimi nikaiamini. Nilikuwa chini ya maji ya ghuba ya Lindi, nimepiga magoti kwenye tope, nakata wavu uliojiviringa kwenye nanga ya mtu. Kazi yangu ndiyo hiyo. Wenye vyombo wakinasa nanga huniita, nami huvaa mtungi nikashuka. Zamani tulikuwa wawili, lakini mwenzangu alioa akahamia Mtwara kwa wakwe, akaniachia bahari nzima kama vile niliiomba.

Kuzamia peke yako kuna sheria zake, na mimi si mtu wa kudharau sheria inayohusu pumzi yangu. Hewa ya mtungi unaigawa mafungu matatu: la kushuka na kufanya kazi, la kurudi, na la tatu ambalo huligusi hata kama nanga ni ya dhahabu. Ukiwa na mwenzako, yako ikikuishia unavuta ya kwake. Ukiwa peke yako, huna wa kumwomba. Ndiyo maana nilifunga ubavuni mtungi wa pili, mdogo, usio na saa, wenye mdomo wake wa kupumulia. Kazi yake ilikuwa kutotumika. Nilishuka nao na kurudi nao siku zote bila kuugusa, na kila nikiuvua nilijiambia akiba haiozi.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha bara, na mto Lukuledi ulikuwa umemwaga uchafu wake wote ghubani. Niliona mikono yangu, basi. Nikakata, nikavuta, nikatazama saa: katikati. Nikakata tena, nikatazama: katikati. Mwanzoni nilifurahi, nikajisifu kwamba siku hizi napumua kidogo kama mzamiaji mkongwe. Halafu furaha yenyewe ikaanza kunitia mashaka. Wavu uliobaki ulikuwa mdogo kuliko ule niliokwisha kukata. Kazi yote hiyo nimeifanya kwa pumzi ya nani? Au sijakaa sana, ni giza tu linanidanganya? Niligonga saa kwa mpini wa kisu, sindano isitikisike. Sikujua nisadiki saa au kifua changu, na wa kumuuliza alikuwa Mtwara kwa wakwe zake.

Nilikuwa bado nabishana na sindano hewa ilipoanza kuwa nzito. Unavuta, inakuja kwa kinyongo. Unavuta tena, ni kama unavuta ukuta. Niliogopa, lakini nilijua la kufanya. Nikatema mdomo wa mtungi mkubwa, nikatia ule wa ubavuni, nikavuta. Hewa ikaja, tamu. Nikaanza kupanda taratibu kama inavyotakiwa, na kabla sijafika hata nusu ya njia, mtungi mdogo nao ukawa mzito.

Hapo akili ilinitoka. Nilidhani nimekosea mdomo. Nikaubadilisha, nikavuta, hamna kitu. Nikaubadilisha tena, nisijue tena upi ni upi. Mtungi uliojaa unaishaje kwa pumzi nne? Lililonisaidia halikuwa wazo, ni mazoea: nikatazama juu nikaanza kutoa pumzi kidogo kidogo huku nikipanda. Karibu na juu, maji yalipolegeza mkono wake, mtungi mkubwa uliokuwa umekauka ukanipa pumzi moja zaidi. Nikaibuka nikikohoa. Mwenye chombo akaniuliza kama nimekuja kuchukua kisu kikubwa zaidi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mitwero nilikuwa kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua. Saa imekufa, hilo nalielewa, vyuma hufa. Lakini ule mdogo? Pale ufukweni, kabla ya kushuka, nilikuwa nimeufungua na kuuzamisha majini nione kama unavuja, nisione hata povu moja. Asubuhi nilikuwa nimeuvuta mara mbili kuujaribu, ukatoa vizuri. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Labda sikuwahi kuujaza. Labda siku zote hizi nimekuwa nikishuka na rafiki mtupu.

Nilimkuta mama barazani. Yeye ni mtu wa Nyangamara, mkulima, aliyekuja kukaa nami baada ya baba kufariki, na bahari hajapatana nayo hata leo. Kila nikitoka huniambia kilicho baharini kakingoje pwani. Mbele yake alikaa bwana mmoja na gunia la mihogo, baiskeli yake imegeuzwa magurudumu juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umechelewa leo. Mgeni wetu anasubiri hewa."

"Hewa gani?"

"Ya tairi. Hebu lete huo mtungi mdogo." Akaonyesha kwa kidevu msumari uliotundikwa mpira wa kujazia tairi. Niliutengeneza mwenyewe kwa ajili ya pikipiki yangu, na mama aliniona nikiutumia.

Nilisimama na mtungi begani. "Mama, umekuwa ukiwajazia watu?"

"Hawa wanaopita na mizigo, nimwache mtu akokote baiskeli mpaka mjini? Kwetu maji na moto hatunyimani, sembuse hewa ya Mungu!"

"Lakini huu ndio—"

"Huo hauna kazi, baba. Kila siku unakwenda nao baharini, unarudi nao vilevile. Ungekuwa na kazi si ungerudi mtupu kama mwenzake? Nikasema bora uwafae watu."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuishikia hasira. Kila neno lililonijia lilikuwa kweli, na lake pia lilikuwa kweli. Mwishowe nikasema tu, "Leo ulikuwa na kazi, mama. Kule chini hewa iliniishia, nikauvuta huu, nao ukaniishia."

Mama alinitazama usoni, halafu akautazama mtungi. Yule bwana, aliyekuwa amesikia lile linalomhusu tu, akauliza kwa adabu, "Kwani hata kidogo haimo, kaka? Ni tairi la nyuma peke yake."

Mama ndiye aliyemjibu. "Haimo. Na hata ingekuwamo nisingekupa. Hiyo ni pumzi ya mwanangu."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimnyima mtu kitu. Naye mwenyewe hakuwahi kujisikia akinyima. Akavuta kanga akaziba mdomo, akaingia ndani bila kumuaga mgeni.

Nilikuwa hai, na mama alikuwa ameelewa. Nilitegemea moyo utulie. Badala yake nikamwonea mama huruma na haya kwa pamoja, nisijue ni lipi la kumwambia kwanza. Yule bwana alianza kuigeuza baiskeli yake, asijue amekosa nini. Nikamwambia akae. Nikaenda kwa jirani kuazima pampu ya mkono, nikarudi, nikachuchumaa nikaanza kupiga.

Pampu ilikuwa kuukuu na tairi lilikuwa gumu kujaa. Nilipoinua kichwa nipumzike, nilimwona mama dirishani, kanga bado mdomoni. Hakuwa akitazama tairi. Alikuwa akitazama kifua changu kinavyopanda na kushuka.