Mapanga ya Alumini pale Nyakato

Mimi shule niliichungulia dirishani nikaona inatosha, ila simu yangu ina picha za majengo nyingi kuliko dagaa wa soko la Mwaloni. Siyo majengo ya kawaida. Napenda haya mapya yenye sura za ajabu. Liko moja limevaa mabati yenye matundu kama chujio la chai, nikasema humo wanachuja watu, mnene hapiti. Lingine lina vioo vya bluu, korongo alijiona mle akasimama siku nzima anamsubiri mwenzake aanze kusalimia.

Mchezo huo wa kubuni nilikuwa nacheza na shemeji yangu, aliyemuoa mdogo wangu. Yeye alikuwa fundi wa alumini, ndiye anayeyavalisha hayo majengo. Namwonyesha picha, namuuliza: hiki kidude kazi yake nini? Ananijibu uongo, mimi naongeza wangu, mdogo wangu anatuambia tukaoge. Mashemeji tusipotaniana watu wanadhani tumegombana.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa jengo moja Nyakato. Walikuwa wanafunga vipande virefu vya alumini, vyembamba kama mapanga, vimesimama wima upande wote wa barabarani. Akasema ni vya kuzuia jua. Mimi nikasema ni vya kukata upepo wa ziwa, uingie ofisini ukiwa slesi kama mkate. Kesho yake mti wa jukwaa alilosimamia ukakatika. Nikisimulia huwa nasema alianguka kutoka ghorofa ya kumi. Ilikuwa ya tatu, na ilitosha. Kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu.

Sasa analala kwake Buzuruga, kitanda kimewekwa sebuleni ili aone mlango na wanaopita. Siku moja akanituma. Jengo limeisha, akasema, nikalipige picha na niulize yale mapanga yana kazi gani. Nikaanza ule upuuzi wetu. Akanikatisha.

"Shem, leo sitaki utani. Mgongo wangu umekwenda na kile kitu. Nataka nijue ni kitu gani."

Nikaenda. Nikapiga kwa mbele, mapanga yanang'aa mpaka macho yanatoa machozi. Mlinzi akaja, nikajua simu imekwenda. Nikamweleza kilichonileta. Akasema siku ya ajali alikuwa zamu, yeye ndiye aliyemwaga mchanga pale chini kufunika damu. Basi akanipeleka ubavuni, mahali unapoona kati ya mapanga na ukuta. Nikachungulia na simu yangu. Nyuma ya mapanga hakuna dirisha hata moja. Tofali tupu, hata plasta haijapigwa, na chini wamejaa wadudu wadogo wa ziwani, wamekufa. Ofisi zote zimegeukia upande wa pili. Nikamuuliza, sasa yanazuia nini?

"Urembo tu, mzee wangu," akasema. "Jengo lionekane."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga uongo. Kwamba yanazalisha umeme, kwamba yanavuta mvua, kwamba ndege zikitaka kutua zinapita hapo kunoa mabawa. Nilikuwa nao wa kujaza fuso mbili. Nilipofika akachukua simu, akaikuza ile picha ya ubavuni kwa vidole, akaitazama mpaka kioo kikajizima chenyewe. Fundi haelezwi tofali. Akanigeuzia macho, na zile fuso zangu mbili nikaziacha nje.

"Urembo tu, shem," nikasema.

Mdogo wangu akaingia. Ulikuwa muda wa kumgeuza asipate vidonda. Akauliza leo tumegombana au vipi, mbona kimya.

"Kaka yako kasema ukweli," shemeji akamjibu. "Ndio wa kwanza tangu nikuoe."

Mdogo wangu akacheka kidogo, akamshika mabega. Mimi nikashika miguu. Siku zote tunamlaza anatazama mlango. Shemeji akasema hapana, leo tumwelekeze ukutani. Tukamwelekeza.