Siku Mama Miwani Alipoyaona Matumbawe

Wifi yangu tunamwita Mama Miwani kwa sababu ya kazi yake. Yeye ndiye anayeosha miwani ya kuzamia ya wageni wanaokuja kutazama matumbawe katika hifadhi yetu ya bahari. Mimi nakata tiketi dirishani, yeye yuko nyuma ya ukuta wangu na beseni lake, kigoda chake na dawa ya meno. Ndiyo, dawa ya meno! Ukiisugua kwenye kioo, hakishiki ukungu mtu akiwa majini. Kila siku namwambia, wifi, miwani yako inapigwa mswaki kuliko wewe. Ananirushia maji.

Ameifanya kazi hiyo tangu kaka yangu, mumewe, yu hai, na hakuwahi kuingia majini hata siku moja. Alikuwa mwoga wa maji, ila hakukubali kusema. Ukimuuliza, anakujibu, "Nikizama mimi, ataiosha nani hiyo miwani?" Lakini wageni wakirudi wamelowa, wanatetemeka, midomo haifungi kwa kusimulia, yeye huacha beseni akasikiliza. Kuna samaki wa njano mwenye mistari kama pijama. Kuna tumbawe la zambarau pana kama meza. Akifika nyumbani anasimulia kama yake, mpaka marehemu kaka alikuwa akimwambia, "We mwanamke, umezamia lini?" Kaka mwenyewe akilala, usingizi wa pono. Wifi akaapa ipo siku atakwenda kumtazama huyo samaki pono, ajue kama kweli analala hivyo au anasingiziwa.

Baadaye wageni wakaanza kulalamika kwamba miwani ina madoa. Nikaenda kumgombeza, maana mdomo wangu hauna breki. Nikamkuta ameinua miwani kwenye mwanga, anaigeuza, anaigeuza.

"Mbona mimi naona safi?" akaniuliza.

Hasira zikaniisha palepale. Nikampeleka kwa daktari wa macho, akatuambia ni presha ya macho. Imeshakula pembeni na inaelekea katikati, na dawa ya matone itaichelewesha tu. Mimi nililia kama mtoto pale kwenye benchi. Wifi hakutoa chozi. Alisema, "Basi nipelekeni nikayaone matumbawe kabla giza halijaingia."

Lakini wiki hiyo hifadhi ilifungwa ili gati lijengwe upya, na joto la msimu ule lilikuwa la kukaangia watu. Bosi akaahidi kwamba siku ya kufungua, boti ya kwanza itakuwa ya Mama Miwani. Wifi akawa haulizi jingine. Asubuhi akiamka anafumba jicho hili, anafungua lile, anaangalia ukuta, kisha anasema, "Bado lipo." Na mimi naomba Mungu usiku kucha lisimtoke kabla ya siku yake.

Siku ikafika. Alivaa gauni jipya, akasugua miwani yake mwenyewe kwa dawa ya meno. Nahodha wa boti, ambaye kwa kawaida ni mcheshi wa kupindukia, siku hiyo alikuwa kimya. Nikamtania, "Vipi, mkeo kakununia?" Akazidi kukaza kamba. Tulipofika alimvika wifi jaketi la kujiokolea, akamshusha taratibu, akamshika mkono. Wifi akainamisha uso majini. Akainua. Akainamisha tena, muda mrefu. Kisha akasema, "Nitoeni."

Tulimvuta akaketi, maji yanamchuruzika.

"Nimechelewa, wifi," akasema. "Rangi zimeshatoka machoni. Naona weupe mtupu, kama mifupa."

"Na samaki?"

"Wawili watatu, wa kijivu."

Moyo wangu ulipasuka. Nikamkumbatia. Halafu nikamwona nahodha anatazama vidole vya miguu yake, na kitu kikanichoma. Nikavuta jaketi la wifi.

"Hili rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Na kitambaa changu cha kichwa?"

"Kijani. Na kimechujuka, nilikwambia usikianike juani."

"Sasa rangi zimekutoka wapi!" Nikamgeukia nahodha. "We baba, kule chini kuna nini?"

"Maji yalipata moto, dada. Matumbawe yote yamegeuka meupe, na mengi yameshakufa. Samaki wamehama. Nimeona tangu mwezi uliopita, nikiwa doria."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambiaje? Nilidhani kwa macho yale hatatambua."

Nilimporomoshea matusi ya nguoni, na sijutii hata moja. Nilipochoka nikamshika wifi mabega. Nilikuwa nimefurahi, nasema kweli, nilikuwa nacheka na machozi juu. "Umesikia? Macho yako bado yapo! Hayana kosa!"

Hakucheka. Alivua miwani, akamuuliza nahodha, "Yote?"

"Yote, mama."

Hapo ndipo alipolia, yeye ambaye hakulia kwa daktari. Alilia kwa sauti, ameikumbatia ile miwani kifuani, nami sikujua nimshike wapi.

"Afadhali yangekuwa macho yangu," akasema. "Wengine wangeyakuta matumbawe."