Kioo Kipya cha Gari la Dada Lin

Nifichieni jina, maana Waswahili wa Guangzhou tunajuana, na mume wangu anasoma kurasa hizi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mtu wa Mombasa. Mume wangu ni wa Nairobi. Tunanunua vitambaa hapa soko la Zhongda na kusafirisha nyumbani.

Tangu tuje China sijaona kitu ila marobota. Basi msimu huu ambao Wachina huenda kusafisha makaburi ya wazee wao, soko likapoa, mume wangu akasema, "Twende na sisi tukatembee kama watu." Dada Lin, mama tunayenunua vitambaa kwake, akatuazima gari, yeye akaenda kwao kwa treni. Mume wangu alimwambia leseni anayo. Anayo kweli, ya Kenya, na hapa haifai kitu.

Nilifurahi, sitaficha. Tulizunguka miji ya zamani yenye minara ya mawe waliyoijenga Wachina waliotajirika ng'ambo, tukala bata, tukapiga picha. Mume wangu akanitania eti na sisi tutajenga wetu Likoni. Alikuwa hajanitania siku nyingi.

Siku ya kurudi tulisimama kunywa chai kando ya kibarabara cha mashambani. Tulipoondoka hakukuwa na gari jingine, na mume wangu akashika kushoto, kama nyumbani, na huku hushikwa kulia. Wala mimi sikuona kosa, macho yangu yamezoea hivyo hivyo. Kwenye kona akatokea mzee juu ya baiskeli, nyuma amefunga maua ya makaburini. Kioo cha upande wa dereva, ambao kwa magari ya huku ni kushoto, kikamgonga, nikamwona akiingia mtaroni.

Nikasema, "Simama, tumegonga mtu." Akakanyaga mafuta, jasho linamtoka. "Nyamaza. Unataka nifungwe huku?" Niligeuka nikaona maua barabarani. Mzee sikumwona tena.

Tulipofika mjini alipeleka gari kwa fundi, likawekwa kioo kipya, akalirudisha limeoshwa linang'aa. Dada Lin akashukuru.

Na leo Dada Lin ameniita kibandani kwake. Polisi wa kule wamempigia, kuna mtu aligongwa na namba za gari zilionekana.

"Mume wako mimi nimeuliza, yeye sema hapana gonga mtu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Nyinyi pengyou, rafiki yangu, mimi naamini. Kesho twende pamoja kwa polisi. Wewe sema namba hiyo makosa."

Alisema "mtu" tu, hakusema mzee. Nilitaka kumuuliza kama yu hai, nikaogopa, maana neno "mzee" lingenitoka mdomoni, ajue nilikuwepo.

Mume wangu ameniambia niende nikakane, nisipokana nitakuwa nimemfunga mwenyewe kwa mkono wangu. Nampenda, na namwogopa. Nikikana, Dada Lin ndiye atakayebaki na kesi, mama aliyetukopesha mali tulipokuwa hatujui hata kuomba maji kwa Kichina.

Kesho asubuhi Dada Lin atanipitia kwa gari lile lile. Atakuwa ameshika usukani, akitazama nyuma kwa kioo kile kipya, na mimi nimekaa ubavuni pake. Ndugu zangu, nikishafunga mlango, nimwambie nini?