Baba Yangu na Matumbawe ya Fisksätra

Wiki iliyopita nilishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Hässelby, Sweden, nikakuta jirani ametundika nguo yake ya kupigia mbizi ikauke. Kabla sijaiona nilikuwa nimeshainusa: mpira uliolowa, chumvi kidogo, na jasho la mtu. Niliweka kapu chini nikakaa, nikawa na miaka kumi tena, zipu imenifika kooni.

Wakati huo tuliishi Fisksätra, ghorofa ya tano. Baba ni Mgogo wa Mpwapwa. Alikuja Sweden kusomea umeme, akabaki, akawa fundi wa lifti. Mpwapwa, kwa msiopajua, bahari huijua kwa kusimuliwa tu. Lakini siku ya kwanza kazini, mtu aliposikia jina Tanzania alisema, “Aa, kwenye matumbawe!” Baba akacheka, hakukubali wala hakukataa. Mwaka uliofuata wakawa wanamuuliza samaki wa kwao wana rangi gani, naye akawapa rangi: wa manjano, wa buluu, wenye mistari kama pajama. Nilimsikia mwenyewe kwenye sherehe ya kazini akieleza jinsi kasa anavyogeuka kukutazama. Mama alikuwa anachunguza sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

Ndipo Lasse, msimamizi wake, akanunua boti. Akatualika mimi na baba, pamoja na Gunilla wa ofisini na kijana mmoja fundi aitwaye Jonas, twende nje visiwani kutazama miamba iliyo chini ya maji. “Si matumbawe,” alimwambia baba, “lakini wewe utatufundisha kupumua kwa mrija.”

Baba hakujua kuogelea. Ufukweni alikunja suruali, akaishia magotini. Mimi nilikuwa kwenye timu ya kuogelea ya shule.

“Waambie tu ukweli,” Mama alisema asubuhi ya safari.

“Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,” Baba akajibu.

“Kuyaoga, sawa. Nani aliyesema kuzama?”

Tulipokuwa tunashuka, Baba aliniinamia. “Penina, usiseme neno.” Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyozoea kuwajibu wazazi wangu, kwamba sitasema.

Kuna kitu kuhusu boti ndogo ambacho hukigundui mpaka iondoke gatini: hakuna chumba kingine. Magoti yangu yaligusana na ya Gunilla, ambaye aligawa mikate ya mdalasini na kuniuliza kama nami nimewahi kumwona kasa. Nilitafuna nikatikisa kichwa, na sijui kama ilikuwa ndiyo au hapana. Kila gati tuliyoipita niliitazama kama kituo cha basi ambacho dereva amekataa kusimama. Nguo ya mpira ilinikaba. Ya baba ilihitaji watu wawili kumwingiza, Lasse akivuta na Jonas akisukuma, wote wakicheka, baba akicheka kuliko wote.

Lasse akazima injini. Maji yalikuwa ya kijani kilichoiva, karibu meusi. Gunilla akatumbukia, kisha Jonas, akapiga kelele za baridi.

“Haya, bwana,” Lasse akamwambia baba. “Tuoneshe!”

Baba akavua jaketi la kuelea. Akavaa miwani, akakaa ukingoni, mapezi ya mpira miguuni yakining'inia juu ya maji. Vidole vyake vilishika bomba la ukingo hadi vikabadilika rangi. Akageuka akanitazama kupitia kile kioo.

Maneno yalikuwa tayari mdomoni: hajui kuogelea. Nikiyasema, Jumatatu baba yangu ni mwongo mbele ya kazi nzima. Nikinyamaza, anaingia. Sikuona njia ya tatu, na hata leo sijui niliipata wapi.

“Baba, usiniache!” nilipiga ukelele, tena kwa Kiswahili. “Naogopa! Naogopa maji!” Kilio kilianza kwa kuigiza. Baadaye sikuweza kukizuia.

Vidole vikaachia bomba. Akavua miwani, alama nyekundu imemzunguka uso, akanijia akitembea na yale mapezi kama bata. “Siwezi kumwacha mtoto, anaogopa maji,” akamwambia Lasse.

“Bila shaka,” Lasse akasema kwa upole, akaruka peke yake.

Tukabaki wawili. Sauti juu ya maji husafiri, kwa hiyo hatukuthubutu kusema lolote la kweli, hata kwa Kiswahili. Baba alimimina chai kutoka kwenye chupa, nusu ikamwagika. “Usiogope, mwanangu,” akasema kwa sauti ya kusikika. Nilingoja aninong'oneze asante. Hakuninong'oneza.

Kwa miaka, kila sherehe, Lasse alisimulia habari za binti wa matumbawe anayeogopa maji. Nilitabasamu, medali zangu zikiwa nyumbani ukutani. Baba alicheka pamoja nao, na hilo sikumsamehe.

Kisha nikakua, nikapata kazi. Wiki ya kwanza mwenzangu aliniuliza kama kwetu ni karibu na bahari. Nikafungua mdomo nimweleze Mpwapwa, nikaona uso wake ulivyokwisha kufurahi. “Karibu kidogo,” nikasema. Ilitoka kirahisi sana.

Jioni hiyo nilimpigia baba nikamsimulia. Nilidhani atacheka.

“Siku ile kwenye boti ya Lasse,” akasema, “mimi nilikuwa naingia majini, Penina. Nilishaamua.”

Miaka yote niliamini kwamba nilimwokoa na aibu, na kwamba alinitazama kuniomba msaada. Kumbe alikuwa ananiaga.